Jumamosi, Chini ya Motokari Yako

Ndugu msomaji, wewe mwenye motokari, leo ukurasa huu ni wako. Na wewe usiye nayo, usiugeuze upesi: nani anakupeleka matangani, kama si jirani yako mwenye motokari?

Utembee Jumamosi asubuhi katika avenyu za kampi yetu. Utaona motokari imefunguliwa kapo mbele ya nyumba hii, nyingine mbele ya nyumba ile, na mwenyewe ameingiza kichwa ndani sawa na mtu anayetafuta sindano. Pembeni radio inaimba. Mtoto anatumwa: «Lete funguo ya 12!» Analeta ya 13. Anarudishwa. Mama amesimama mlangoni, anaangalia beseni yake ya kufulia nguo, ambayo tangu saa mbili imekuwa beseni ya mafuta machafu ya moteri. Hasemi kitu, lakini wewe unajua ya kwamba atasema. Wazee wawili wanaopita njia wanasimama. Mmoja anasema ubaya uko katika buji. Wa pili anasema hapana, ni pompi ya esansi. Hakuna mtu aliyewauliza.

Mimi sicheki mtu. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa ugonjwa huu, na sitaki kupona.

Kweli, ni furaha gani inayofanana na ile? Motokari yako ilitoka Japani katika meli, ikashuka Dar es Salaam, ikatembea karibu kilomita 2000 katika Tanzania na Zambia, ikapita Tunduma, ikafika Kasumbalesa imejaa vumbi, na siku ilipoingia avenyu yako watoto waliikimbilia tangu kona. Wewe uliijua sauti yake kabla ya kuiona. Asubuhi ya mwezi wa saba, baridi inapouma, unageuza funguo mara moja tu na moteri inaitika. Jirani bado anasukuma yake, na wewe unajifanya huoni. Na ule usiku mke wa jirani aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, ni mlango wako uliogongwa. Mkafika hospitali kwa wakati. Leo kuna mtoto katika avenyu hii anayeitwa jina lako. Hilo halinunuliwi.

Na matata? Hayo nayo unayajua. Unanunua pyesi, muuzaji anaapa kwa mama yake ya kwamba ni orijino, na kisha wiki mbili ile sauti imerudi, tena imeleta mdogo wake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia mpaka katika filtre ya hewa, unapiga ile filtre ukutani na inatoka nusu kilo ya udongo. Wakati wa mvua mashimo ya barabara yanajaa maji, na hujui lipi lina kina cha kidole na lipi lina kina cha goti. Mshahara unaingia, motokari inakula kwanza, watoto baadaye. Nani hajaiambia motokari yake maneno ambayo hawezi kumwambia mtu?

Lakini sikushika kalamu juu ya mambo hayo. Nataka kukuuliza neno moja.

Kazini, wewe ni mtu wa namna gani? Ninakuona. Huingii chini ya bene ya kamiyo iliyoinuliwa kabla ya kutia chuma cha kuizuia isishuke. Hugusi mashine kabla ya kukata umeme na kufunga kufuli yako, na ufunguo wa kufuli hiyo unakaa mfukoni mwako, si mwa mwingine. Pine kubwa haijazwi pumzi nje ya kizimba chake. Mtu wa grue hafuati mkono wa kila mpita njia: anafuata ishara za mtu mmoja aliyefunzwa. Ukiona kijana mpya anakosa katika moja ya mambo hayo, unapaza sauti.

Basi, Jumamosi saa tatu, mbele ya nyumba yako mwenyewe, yule mtu anakwenda wapi?

Nitakuambia mimi alikwenda wapi. Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya mvua. Bomba la moshi la motokari yangu lilikuwa limetoboka, na kelele yake ilinipa haya. Nikainua upande wa mbele kwa kriki, ile ndogo inayokuja pamoja na motokari. Udongo ulikuwa laini, nikaweka kipande cha ubao chini ya kriki, nikajiona mwenye akili. Nikatoa pine ya mbele ili nipate nafasi. Nikalala juu ya kartoni, nikaingia mpaka kiunoni.

Mzee jirani yangu, aliyekwisha kutoka kazini kwa pensheni, alikuja kunisalimia. Nilimwona viatu tu. Vile viatu vilisimama kitambo, vikaondoka, vikarudi. Mzee alikuwa amebeba pine niliyotoa, akailalisha chini ya ubavu wa motokari, karibu na mbavu zangu. Kisha akaleta pine ya sekure, akailalisha juu ya ile ya kwanza. Nikamwambia:

— Mzee, unanifinya.

— Finyika, akajibu.

Hazikupita dakika kumi. Kulikuwa na bulo moja lenye kutu, halitaki kutoka. Nikalivuta kwa nguvu zangu zote, motokari ikatikisika, ubao ukazama upande mmoja, kriki ikainama sawa na mtu mlevi na ikaanguka. Motokari ilishuka vidole vinne. Vidole vinne tu, kwa maana ilikuta zile pine mbili. Chuma kiligusa kifua changu kikasimama hapo. Niliweza kuvuta pumzi, lakini si pumzi nzima. Nilisikia mtoto wangu, aliyekuwa ameshika funguo ya 14, akiita mama yake kwa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku ile.

Vijana wa avenyu walileta kriki nyingine wakaniondoa. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Kazini ungefanya hivyo?» Nikashindwa kumjibu, kwa sababu siku mbili mbele, Alhamisi, ni mimi niliyemtoa kijana mmoja chini ya bene kwa kelele nyingi, na watu wote walinisikia.

Nimefikiri sana juu ya jambo lile, na hii ndiyo fikara yangu: hatukosi elimu. Kazini tunaogopa mashine kwa sababu si yetu. Nyumbani tunaona ya kwamba motokari inatujua. Tumeiosha, tumeilisha, tumeipa jina, hatuamini ya kwamba inaweza kutuua. Lakini ina kilo 1000 na zaidi, na chuma hakijui mwenyewe ni nani.

Tuongee sasa juu ya kriki, kwa sababu wengi wanaiheshimu kupita kiasi. Kriki ni kitu cha kuinulia. Si kitu cha kusimamishia. Ilitengenezwa ili mtu abadilishe pine akiwa amechuchumaa nje, dakika kumi, na mwili wake wote nje. Mguu wake ni mwembamba. Ile ya mafuta, kama mpira wake wa ndani umechoka, inashuka polepole bila kukuambia. Ukitaka kuingia chini, tafuta ile miguu mitatu ya chuma ambayo mafundi wanaita shandeli, mbili, ziwe sawasawa, juu ya saruji au ubao mpana, mahali pagumu pa chasi. Ukizikosa, fanya ginsi Mzee alivyofanya, kisha ubaki nje. Matofali usiyategemee, na bloku za saruji vilevile: zinabeba leo, kesho zinapasuka mara moja bila kulia. Na kabla ya kuingia, isukume motokari kwa mikono miwili. Afadhali ianguke wewe ukiwa umesimama.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa Jumamosi hawalijui. Katika motokari ndogo nyingi, freni ya mkono inashika pine za nyuma tu. Ukiinua za nyuma, freni yako ya mkono inashika hewa. Utasema: mimi nimetia kwenye P. Sawa. Lakini katika zile zinazovutwa na pine za mbele, ile P inashika pine mbili za mbele kwa pamoja, kwa njia ya diferansyeli. Ukiinua moja, hiyo iliyo hewani inaweza kuzunguka kinyume, na mwenzake aliye chini anabiringika. Motokari inatembea, na P yako iko palepale. Kwa hiyo weka jiwe kubwa au kabari ya mti mbele na nyuma ya pine iliyobaki chini, upande ule mwingine. Kazini tunafanya hivyo kwa kamiyo kila siku, hata pahali pasipo na mteremko.

Ninamsikia mtu anasema: «Mimi nimefanya kazi chini ya kriki miaka 15, sikupata kitu.» Mimi pia nilikuwa na miaka yangu. Na mwingine: «Shandeli ni feza.» Ni feza, kweli. Lakini mwenzangu, ninaona radio yenye kioo uliyotia ndani ya ile Corolla, ninaona taa za buluu chini ya milango, na ninasikia ile honi yenye sauti tatu. Hapo feza ilipatikana. Sikukatazi radio. Ninasema shandeli zipite mbele, na freni zipite mbele, na pine.

Tena hizo pine! Wengi wetu tunanunua pine za okazyoni, na tunaangalia michoro tu: ikiwa na kina, tunalipa. Soma ubavuni. Kuna namba nne ndani ya duara ndogo ndefu. Ukisoma 2311, ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2011. Hiyo pine ni mzee, hata kama inang'aa. Mpira umekauka, na siku ya joto kali, na mzigo, na mbio, inapasuka. Na motokari nyingine zinatoka Japani na pine za wakati wa theluji, zenye kuandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, ulifanywa kwa baridi ya kule. Juu ya lami yetu ya mwezi wa kumi unaisha upesi, na ukikanyaga freni unakwenda mbali kabla ya kusimama. Theluji utaiona wapi hapa kwetu?

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi kuliko kriki, kwa sababu chini ya kriki uko peke yako, lakini barabarani una watu.

Kwetu Kongo tunapita kuume kwa barabara. Japani, Tanzania na Zambia wanapita kushoto. Ndiyo sababu motokari zetu nyingi zina volani kuume. Pale Kasumbalesa barabara inabadilika upande, na volani inabaki palepale. Kutembea mjini, haina shida kubwa, tumezoea. Shida iko kati ya Lubumbashi na Likasi, na tena kati ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya kamiyo iliyobeba shaba, na mbele yake nyingine, na mbele yake nyingine. Wewe umekaa upande wa majani. Huoni kitu isipokuwa mlango wa nyuma wa kamiyo. Ili uone kama kuna anayekuja, lazima motokari yako karibu nzima itoke katikati ya barabara. Wakati unapoona, na yeye amekwisha kukuona, na pengine hakuna nafasi tena.

Basi tunafanya nini? Tunamwuliza yule aliyekaa kushoto. «Iko sawa?» Na yeye anasema: «Pita!»

Ndugu yangu, nani alikaa kushoto safari yako ya mwisho? Siku moja nilipanda na rafiki, mimi nyuma, na mbele kushoto alikaa mtoto wake wa miaka 12. Mara nne katika safari ile, uzima wetu wote, watu watano, ulikuwa juu ya ulimi wa mtoto yule. Alikuwa mtoto mwenye akili. Lakini atajua namna gani mbio ya kamiyo inayokuja? Atajua namna gani motokari ya baba yake inahitaji mita ngapi ili kupita? Naye alitaka kumpendeza baba. Mara ya nne alisema «Pita», akasema tena «Hapana, baba, ngoja!», na baba alikuwa amekwisha kukanyaga. Tulirudi nyuma ya kamiyo kwa bahati. Mtoto alilia mpaka Likasi, na watu wazima tulikuwa tukimwambia si kosa lake. Haikuwa kosa lake kweli. Kumbuka mtu wa grue na yule anayempa ishara: kazini tungempa mtoto kazi ile?

Fikara yangu ni hii, na najua haitapendwa. Mwenye volani kuume asipite kamiyo katika ile mistari mirefu. Abaki. Arudi nyuma mbali zaidi ya ginsi alivyozoea, urefu wa kamiyo tatu au nne, kwa maana ukikaa mbali unaona pembeni ya kamiyo, na ukikaa karibu unaona chuma tu na moshi. Pale barabara ilipo nyofu, bila kilima, bila vumbi, na unaona kwa macho yako mwenyewe, pita. Jicho la mwingine lisikupeleke. Utachelewa nusu saa kufika Kolwezi. Shaba ile haikimbii.

Na usiku ubaki nyumbani kama unaweza. Taa za motokari iliyotengenezwa kwa kupita kushoto zinainua mwanga wake upande wa kushoto, ili zionyeshe ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unamtia mwanga machoni, naye anakasirika, anakupa zake zote, na sasa vipofu wawili wanapitana. Fundi anaweza kushusha taa, na hiyo inasaidia kidogo. Dawa yenyewe ni kutafuta taa za upande wetu.

Mambo mengine niyaguse tu. Kifuniko cha radiyatere usikifungue moteri ikiwa moto. Maji yale yana nguvu, yanaruka usoni. Ngoja mpaka mpira wake wa juu uweze kuushika kwa mkono bila kuuacha. Na esansi usiivute kwa mdomo. Tunanunua kwa Kadafi katika bidoni, tunaweka mpira, tunanyonya, tunatema, tunacheka. Ikiingia mapafuni, haicheki. Aliyeimeza, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja. Pompi ndogo ya mkono inauzwa sokoni.

Nimalize na matanga, kwa maana hapo hata mimi sina nguvu. Mtu amefariki, familia inakuja kwako, na motokari yako ina nafasi ya watu watano. Wanaingia tisa, na mama mkubwa ameshika sufuria. Utamwambia nani ashuke? Utaitwa mtu wa roho mbaya mpaka kufa kwako. Tangu mwaka uliopita mimi nimepata njia yangu: ninasema mapema, mbele ya wazee wote, wakati wa kupanga na si wakati wa kupanda, ya kwamba motokari yangu inabeba wanne na mimi, na nitakwenda mara mbili, au mara tatu. Ninakula esansi zaidi. Mara ya kwanza walinung'unika. Mara ya pili walinisaidia kupanga nani aende kwanza, na ni yule Mzee aliyeanza, akasema yeye atakwenda kwa safari ya mwisho, lakini akae mbele.

Shandeli zangu mbili nilizinunua mwisho wa mwezi ule wa pili. Ziko nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni. Jirani anayezihitaji aje kuziomba, anakaribishwa, hata saa ya chakula. Ila azirudishe kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu lile bulo lenye kutu bado halijatoka.